Mshono Usio Wangu

Suti ilimkaa vizuri mno, na hilo ndilo lililomtia fundi wasiwasi.

Bwana harusi alikuwa amesimama mbele ya kioo kirefu, mabega wima, mikono ubavuni kama alivyofundishwa, akijitazama kwa jicho la mtu anayejua kwamba anatazamwa. Koti la rangi ya majivu lilishuka mgongoni bila kujikunja. Kiuno cha suruali kilishika palepale kilipotakiwa kushika. Fundi alimzunguka, akamzunguka tena, pini mdomoni na chaki mkononi, asipate pa kuchoma pini wala pa kupitisha chaki. Fundi mwingine angeshukuru. Yeye alirudi nyuma kidogo, akakunja uso.

"Leo umekosa kosa," bwana harusi alimchokoza kupitia kioo. "Fundi mzima, umekosa pa kunichoma."

"Simama vizuri, Mpimaji. Nikitaka kukuchoma sitakosa pa kuanzia."

Kutoka kwenye cherehani ya pili, karibu na dirisha, Mama Vifungo alicheka. Huyo ndiye aliyekuwa mwenye chumba, mwanamke mtu mzima aliyemfundisha fundi kushona kola tangu akiwa hajui hata kutunga uzi. Jina lake lilitokana na ugonjwa wake mmoja: hakuweza kuona kifungo kinacholegea, hata kiwe kifuani mwa mpita njia, bila kumvuta mtu ndani akikaze. Kicheko chake cha asubuhi hiyo kilikuwa kifupi kuliko kawaida, lakini fundi hakukitilia maanani.

Mpimaji ndilo jina alilompa mchumba wake tangu siku ya kwanza. Yeye alikuwa mpima ardhi, mtu wa kuchomeka vigingi na kuinamia kile kifaa chake cha miguu mitatu, kisha akawaambia majirani waliogombana kwamba mpaka unapita hapa, acheni kelele. Alikuja kushonewa zipu ya begi la kazi, wakabishana kama futi ya kitambaa, ile ya kupimia nguo, inaweza kuaminiwa, na ubishi ule haukuwahi kwisha. Uligeuka tu kuwa mapenzi. Na kabla mapenzi hayajakomaa, Mpimaji alimketisha fundi kwenye benchi la nje akamwambia bila kuzungukazunguka: "Kabla hujanizoea, ujue. Niliugua saratani ya damu, ile inayoanzia kwenye tezi. Nimetibiwa, imetulia. Daktari hasemi imekwisha, anasema imetulia." Fundi alikwenda nyumbani akalia mpaka macho yakavimba. Halafu alinawa uso, akarudi. Wanaume waliompitia kabla ya huyo walikuwa wakificha hata umri. Huyu alileta lililo baya kwanza, na hapo ndipo alipompenda hasa.

Sasa aliutazama uso ule kiooni, na uso haukulingana na suti. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Saa ya mkononi ilikuwa ikiteleza kuelekea kwenye kiwiko. Alikuwa amekuja amevaa sweta, siku ambayo Mama Vifungo alikuwa akijipepea kwa kipande cha karatasi ya kukatia. Mtu amepungua waziwazi, na suti aliyokatiwa akiwa amenenepa inamkaa kama ngozi. Inawezekanaje?

"Umepungua," alisema.

"Kazi ya porini hiyo. Jua, kutembea. Na bibi harusi mwenye maneno."

"Suti haijaona kwamba umepungua."

"Basi suti inanipenda kuliko wewe." Akampiga jicho, lile jicho lake la pembeni. Mpimaji aliingia nyuma ya pazia la kubadilishia nguo, akampitishia suruali na koti kwa juu. Fundi alivipokea, akaketi, akaigeuza suruali ndani nje ili amalizie kupiga upindo wa miguu.

Hapo ndipo alipouona mshono wa nyuma, unaoshuka kutoka kiunoni. Ulikuwa umesogezwa ndani. Ule wake wa kwanza ulikuwa umefumuliwa kwa uangalifu, vitundu vya sindano vikabaki vimejipanga kwenye kitambaa, na kando yake ulipita mshono mwingine, mdogo, uliobanana, umenyooka. Akashika koti, akafunua bitana pembeni. Kumbe na huko pia. Mshono ndani ya mshono, kwa kipindi zaidi ya kimoja, kwa sababu vitundu vya mwanzo vilikuwa na mistari miwili. Kuna mtu alikuwa akiipunguza suti hii kimyakimya kila mwenyewe alipopungua, ili kila siku ya kujaribu imkute sawasawa.

Mwisho wa mshono ule, uzi ulikuwa umefungwa fundo kwa mkono. Mashine hairudi nyuma kufunga namna hiyo. Fundi alijua mtu mmoja tu aliyekuwa na mazoea hayo, na mtu huyo alikuwa amekaa pale dirishani.

"Dada," aliita taratibu. "Huu mshono ni wako."

Cherehani ya dirishani ilinyamaza.

"Mshono gani tena, mdogo wangu?"

"Usinifanye mtoto. Mafundo yako nayajua kama ninavyojua sauti yako. Umeipunguza suti ya mchumba wangu, humu humu ndani, nikiwa sipo. Kwa nini?"

Mama Vifungo aliinua mguu kwenye pedeli, akaishika mikono yake mwenyewe mapajani kana kwamba ndiyo iliyokosea. "Mama mkwe wako alikuja. Ulikuwa umekwenda kutafuta bitana. Akaniambia mwanawe amepungua kidogo kwa mawazo ya harusi, nikaze tu, nisikutie presha bure. Nikakaza."

"Mara moja?"

"Alirudi."

"Mara ngapi?"

"Usinihesabishe, tafadhali. Safari ya mwisho nikamwambia, mama, hapa sitii sindano mpaka unieleze, maana hii si suti tena, huyu mtoto anayeyuka. Akaangua kilio. Akaniambia umerudi."

"Nini kimerudi?" Alikuwa ameshajua. Aliuliza tu kwa sababu kuuliza kulimpa nafasi ya kupumua.

Nyuma ya pazia, mkanda uliokuwa ukifungwa uliacha kulia.

"Ule ugonjwa, mdogo wangu. Tezi za shingoni na za kwapani. Na akasema dawa za safari hii ni kali, zinaweza zikamzuia kupata mtoto. Ndiyo maana akaomba harusi isogezwe karibu. Muoane kwanza, Mungu akijalia ushike mimba, ndipo aanze matibabu. Akaniapisha nisikwambie. Nikaona mtu mwenyewe atakwambia, mimi wa nini kati yenu."

"Wewe wa nini," fundi alirudia. "Umenilea kwenye kazi hii. Tumekunywa chai pamoja kila asubuhi, tumekaa mgongo kwa mgongo, nami nakupigia hadithi za shela langu. Na wewe unanisikiliza tu."

Mama Vifungo alianza kulia, naye fundi akamtazama kwa macho makavu, akashangaa kwamba hamhurumii.

Pazia lilifunguka. Mpimaji alitoka akiwa amefunga shati upande, kifungo cha juu kimeingia tundu la pili. Siku nyingine wanawake wote wawili wangemrukia wakamfungue. Hakuna aliyenyanyuka.

"Ni kweli?" fundi alimuuliza.

"Keti kwanza, mpenzi."

"Sikai. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Umejua lini?"

"Tulipokuwa tunachagua kadi."

Alikumbuka siku ile. Walikuwa wamekaa kwenye benchi la nje, wanabishana kama kadi iwe na maua au isiwe na maua, naye Mpimaji alikubali maua kwa upole ambao haukuwa wake. Kumbe mwenzake alikuwa na kifo mfukoni, akasema sawa, weka maua.

"Nilikuambia ya kwanza ukalia siku nzima," Mpimaji alisema. "Sikutaka nikulize tena. Nilitaka angalau hii harusi uipate ukiwa unacheka."

"Nililia, nikarudi! Hiyo ya kurudi hukuiona? Uliona machozi tu?"

"Niliona."

"Basi ulikuwa unaogopa nini? Nilikupokea na ugonjwa wako. Hukunificha, nikakupokea. Leo ndiyo unanificha, baada ya kujua kwamba sikimbii? Mimi naona ni kinyume kabisa, Mpimaji. Nieleze, huenda mimi ndiye sina akili."

"Wazo la mtoto lilikuwa la mama."

"Na mdomo wa kusema hapana ulikuwa wa nani?"

Mpimaji alikuwa na tabia ya kujikuna nyuma ya sikio akibanwa, akajikuna, na mkono ulipopita shingoni fundi aliona uvimbe uliokuwa ukifichwa na kola. Mikono ilimwasha kutaka kuugusa. Aliikunja kifuani. Alimpenda bado, tena sana, na hilo ndilo lililokuwa likimkera kuliko yote.

"Wewe unajua kazi yako," alisema. "Mtu hawezi kwenda kupima kiwanja cha watu bila mwenyewe kuwepo. Wewe mwenyewe umenieleza, mnaweza kushtakiwa. Mimi mmenipima sipo. Wewe na mama yako na dada yangu huyu. Mmeweka vigingi, mmeamua nizae lini, nibaki na nini, mimi nipo hapa nashona tu mapambo kama zuzu. Ungekufa ningeambiwa na nani? Mama Vifungo?"

"Usiseme kufa."

"Nitasema. Daktari wako yupo leo?"

"Yupo, lakini nilimwambia nitarudi baada ya harusi."

"Vaa viatu."

"Fundi..."

"Vaa viatu, twende. Na hicho kifungo kirekebishe, umekaa kama mtu aliyefukuzwa."

Njiani hawakusemezana. Alitembea mbele kwa hasira, akajikuta anapunguza mwendo kila aliposikia pumzi yake inakatika nyuma, na kila alipopunguza alijilaani kimoyomoyo kwa kumwonea huruma mtu aliyemchezea shere.

Chumba cha daktari kilikuwa kidogo, kimejaa mwanga, na mzani wa kusimamia karibu na mlango. Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani ameipandisha kwenye nywele. Alimwona Mpimaji akanyanyuka kwa furaha. Alipomwona fundi nyuma yake, furaha ilipungua. Alimsalimu kwa adabu, akamwonyesha kiti, lakini kwa baridi fulani ambayo fundi hakujua ameistahili wapi.

"Nimekuja kueleweshwa, daktari," fundi alisema. "Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu."

Daktari alimtazama kidogo, akakubali. "Saratani hizi za damu zina tabia mbili zinazotusumbua. Kuna inayotulia, tukafurahi wote, kisha ikarudi. Na kuna isiyotaka kusikia dawa tangu mwanzo. Ya mwenzako ilitulia, sasa imerudi, na imerudi mapema. Inayorudi mapema huwa mkaidi."

"Kwa nini asipewe ile dawa ya kwanza? Si ilimponya?"

"Iliua seli zilizokuwa dhaifu, ndiyo maana tezi zikapungua tukaona nafuu. Lakini zipo chache zilizoihimili, zikajificha. Zilizozaana sasa ni hizo, watoto wa zile sugu. Ukiwapa dawa ileile hawaitambui."

"Kwa hiyo hakuna dawa?"

"Zipo. Tunabadilisha. Tunampa nyingine kali zaidi, kwa awamu. Ugonjwa ukitii, tunachukua kwenye damu yake mwenyewe zile seli changa zinazotengeneza damu, tunazihifadhi, tunampa dozi kubwa ya kufagia kila kitu, halafu tunamrudishia seli zake zianze upya. Ni njia ngumu. Atatapika, atachoka, kuna siku ataomba tumwache. Ila wapo walioipita wakatoka, tena wakarudi makazini."

"Na kungoja mpaka harusi ipite?"

"Ndiyo maana nimefurahi mmekuja leo. Kungoja kunaupa ugonjwa nafasi. Tukianza ukiwa umeenea, hata hiyo njia inaweza kufungwa."

Swali lililobaki fundi alionea haya kulitoa, akalitoa. "Na mtoto? Nimeambiwa dawa hizo zinazuia."

"Zinaweza. Lakini mbegu zake zinahifadhiwa kabla hatujaanza. Ni kazi ya asubuhi moja tu. Nilimweleza siku ileile ya kwanza."

Fundi aligeuka kumtazama Mpimaji. Mpimaji alikuwa akitazama mzani.

"Hebu niseme jambo, dada, na usinichukie," daktari aliendelea, na sasa ile baridi ilikuwa wazi. "Nimemwomba huyu kijana mara nyingi akulete tuzungumze. Kila mara ananiambia umekataa kata kata harusi kuahirishwa. Kwamba ukisikia tu neno kuahirisha, utavunja kila kitu na kurudi kwenu. Naelewa, harusi ni harusi, mwanamke ana ndoto zake. Lakini mimi nilikuwa nalala nakufikiria, nasema, huyu binti anampenda kweli au anapenda shela?"

Masikio ya fundi yalijaa moto. Kufichwa alikuwa ameshaanza kukuzoea. Lakini hili lilikuwa jingine. Humu ndani, mbele ya watu wanaojua nani ataishi, alikuwa amechorwa kama mwanamke anayempeleka mtu kaburini ili avae nguo nyeupe, na aliyemchora alikuwa amekaa kiti cha pili, goti lake karibu liguse la kwake.

Mpimaji alifungua mdomo. "Daktari, mimi..."

"Ni kweli, daktari," fundi alisema kwa sauti kubwa. "Nilikataa. Nilikuwa mjinga. Sasa nimebadili mawazo, harusi hakuna mpaka atibiwe. Kitanda kipo?"

Daktari alishusha miwani machoni, akamtazama upya. "Kipo kimoja. Nilikuwa nakaribia kumpa mwingine."

"Basi mlaze leo."

Walitolewa nje wangoje kwenye benchi la ukumbini, muuguzi akaandae wodi. Palikuwa na watu wachache wamejiinamia kila mmoja na lake. Mpimaji aliketi akashika kichwa.

"Kwa nini hukumwambia kwamba namdanganya?" aliuliza hatimaye. "Kwa nini umenisitiri?"

"Nikusitiri wewe? Nilikuwa nawahi kitanda. Ningebishana, tungemaliza asubuhi tunaamua nani mwongo, kitanda kikaenda. Sasa acha kulia, nijibu. Mbegu zinahifadhiwa. Mama yako analijua hilo?"

Mpimaji aliinamia viatu vyake.

"Mama yako anajua kwamba daktari alikataa kungoja?"

Hakuhitaji jibu, kwa sababu mama mwenyewe alikuwa anapanda ngazi za mwisho za ukumbi, mtandio umemwanguka begani, anahema. Mama Vifungo alikuwa amempigia simu. Mpimaji alimwona. Na pale pale, mbele ya macho ya fundi, alijifuta uso kwa kiganja, akanyoosha mgongo, akatabasamu. Lilikuwa lilelile tabasamu la kwenye kioo.

"Mama, mbona mbio hivyo?" alisema. "Tumekuja tu kuchukua majibu. Daktari anasema mambo yanakwenda vizuri, tungoje vilevile, baada ya harusi."

"Mungu asifiwe," mama alisema, akashika kifua. "Huyu wa cherehani kanitia kihoro. Mkwe wangu, nisamehe, najua umekasirika, nilitaka kukuambia, lakini maadamu daktari mwenyewe karuhusu tungoje..."

Asubuhi nzima fundi alikuwa akimchukia mama huyu. Alikuwa amepanga hata maneno ya kumwambia. Sasa alimtazama yule mama akihema na mtandio wake umeanguka, akaona kwamba naye amepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Mama ameambiwa daktari karuhusu. Daktari ameambiwa bibi harusi kakataa. Bibi harusi hakuambiwa kitu. Kila mtu alipewa kipande chake kidogo akakitunza kwa uaminifu, akamficha mwenzake kwa nia njema. Aliyekuwa na kitambaa chote mkononi alikuwa mmoja.

"Mama," alisema, "daktari hajaruhusu. Hakuwahi kuruhusu. Alitaka aanze tangu siku ya kwanza. Na mtoto hana haja ya kuharakishwa, wana njia ya kuhifadhi, mwanao aliambiwa. Analazwa sasa hivi. Harusi nimeiondoa mimi."

Mama alimgeukia mwanawe. "Uliniambia tunaweza kungoja." Hakupandisha sauti. "Uliniambia, nikaenda kumpigia magoti yule wa cherehani. Nilijiona nakusaidia."

Mpimaji hakumtazama mama wala mchumba. Tabasamu lilikuwa bado limekaa usoni, halina kazi.

Fundi alichuchumaa mbele yake, akamshika kidevu, akauinua ule uso ambao alikuwa ameuchunguza miezi yote na hakuujua. "Nitakuuliza moja tu, na hili unijibu wewe, usimtume mtu. Tukishafunga ndoa, ungeanza matibabu?"

Muuguzi alipita na kitoroli. Mtu alikohoa. Mpimaji alijikuna nyuma ya sikio.

"Ungeanza?"

"Ile ya kwanza ilinimaliza, mpenzi," alisema kwa sauti ndogo. "Hukuniona. Ulinikuta nimeshapona. Nilikuwa siwezi kushika kikombe. Nikasema, safari hii hapana. Nivae suti, nicheze na wewe siku moja, mama afurahi. Basi. Yanayofuata yafuate."

Mama aliketi kwenye benchi kwa uzito, akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Fundi alibaki palepale chini. Kwa hiyo hapakuwa na wazo la mtoto, wala kumwonea huruma, wala kumficha ili acheke. Mpimaji alikuwa ameshaaga. Alikuwa akimuaga kila siku, mbele ya kioo, huku anamtania, naye fundi akipokea utani ule kama mapenzi, akampindia miguu ya suruali ya kuzikwa nayo. Na angeachwa na nini? Na jina la mjane, pengine na mimba, na daktari mmoja mjini ambaye angesema maisha yake yote kwamba ni yule binti wa shela ndiye aliyemuua.

Fundi alisimama.

"Nilijua nimependwa na mtu anayesema kweli," alisema. "Huyo ndiye niliyemkubali. Wewe sikujui."

"Nisamehe."

"Sikusamehe. Usiniombe leo, sina."

Mlango wa wodi ulifunguka, muuguzi akaita jina lake. Mpimaji hakusogea. Alikuwa ameshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, na ilikuwa wazi kwamba mtu yeyote akimwambia tu neno moja la upole atanyanyuka, ashuke ngazi, aende zake. Mama alikuwa na neno hilo mdomoni. Alimtazama fundi, akalimeza.

"Nyanyuka," fundi alimwambia. "Umenidanganya vya kutosha kunigombanisha na wewe miaka kumi, na mimi sigombani na maiti. Ingia humo ndani utapike, uchoke, uwalilie wakuache, wasikuache. Ukitoka nakutaka mwenye nguvu za kunijibu, kwa sababu sijaanza hata nusu ya ninayotaka kukuambia."

Mpimaji alinyanyuka, akayumba, mama akamshika mkono, wakaingia pamoja. Mlangoni aligeuka akataka kusema kitu, muuguzi akamsukuma taratibu kwa ndani.

Fundi aliketi mahali alipokuwa ameketi Mpimaji. Ubao ulikuwa bado na joto. Ndipo machozi yakaja, mengi, ya hasira, hayakumwomba ruhusa. Bibi mmoja wa benchi la pili alimsogelea akamuuliza kwa huruma kama aliyelazwa ni mume wake.

"Hapana," alijibu, akijifuta kwa mkono wa blauzi. "Bado sijaamua ni nani wangu."

"Sasa, mwanangu, si uende nyumbani upumzike?"

"Siendi," alisema. "Atatoroka huyo."